Shajara ya mradi: pikipiki ya kujifunzia, na kuanguka ikiwa karibu kusimama

Pikipiki ya mradi huu ni ya cc 125, ya kabureta, breki za ngoma mbele na nyuma, uzito wake pamoja na mafuta na oili ni kilo 120 hivi. Ni aina ile ile inayobeba abiria kila kona ya mji. Kazi ni ya wiki sita na ina pande mbili. Kwanza, kuitengeneza iweze kulala chini bila hasara kubwa. Pili, kupanga mazoezi yanayomzuia mwanafunzi asiilaze, hasa katika ile mita moja ya mwisho kabla haijasimama, ambako dereva mpya huiangusha kuliko anavyoiangusha kwenye mwendo. Anguko la kilomita 60 kwa saa ni jambo jingine na halimo humu.

Siku ya 1. Kusoma alama

Kabla ya kushika spana, pikipiki ilizungukwa na kusomwa. Imeshalala upande wa kushoto, tena ikiwa imesimama au inakaribia kusimama. Kitufe cha mwisho wa liva ya klachi kimesagika sehemu moja tu, ukubwa wa punje ya mahindi, na mkwaruzo wake ni mfupi. Pikipiki iliyoburutika huacha mistari mirefu inayoelekea nyuma na huisaga futiresti mpaka chuma king'ae. Hapa futiresti imepinda juu kidogo lakini rangi yake ipo. Shingo ya indiketa ya mbele imekatika, kioo cha pembeni kimezunguka kwenye shina lake, na pedali ya gia imepinda kwa ndani hadi imebakiza milimita 4 kugusa kava ya injini.

Pedali hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza, ingawa haina sura ya kutisha. Ikigongwa mara ya pili itapiga kava, na kava ni aluminiamu, hupasuka. Mafundi wengi huinyoosha ikiwa bado kwenye injini, kwa nyundo au kwa kuchomeka bomba na kuvuta. Nguvu yote hiyo hupita kwenye shafti ya gia na oili sili yake; wiki mbili baadaye linaonekana tone la oili chini ya pikipiki na hakuna anayekumbuka nyundo. Ilivyofanyika hapa: nukta moja ilipigwa kwenye shafti na nyingine kwenye pedali ili zielekeane wakati wa kurudisha, bolti (spana namba 10) ikatolewa kabisa, siyo kulegezwa tu, maana hupita kwenye mfereji wa shafti na kuizuia pedali isitoke. Pedali ikabanwa kwenye jiriwa, ikanyooshwa polepole ikiwa baridi, ikarudishwa ikiwa na nafasi ya milimita 18.

Usukani nao ulikuwa umepishana na gurudumu: gurudumu likielekea mbele, usukani unaangalia kulia kidogo. Watu huona hivyo wakadhani usukani umepinda, wakanunua mwingine, na hali ikabaki vile vile. Mara nyingi kilichotokea ni shokapu za mbele kujizungusha kwenye vishikio vyake. Legeza nati ya ekseli ya mbele, bolti za madigadi, na bolti za bamba la chini linaloshika shokapu. Za bamba la juu ziache zimekaza. Simama mbele ya pikipiki, bana gurudumu kwa magoti, shika usukani pande zote mbili, uzungushe hadi ulingane. Panda, shika breki ya mbele, bonyeza shokapu mara 5 au 6 zikae mahali pake, kisha kaza bamba la chini, ekseli, na madigadi mwisho. Hii ilikubali mara ya kwanza. Ingekataa, hatua inayofuata ni kutoa shokapu na kuviringisha mirija yake juu ya kioo kinene. Mrija uliopinda hucheza, na mwanga hupita chini yake.

Siku ya 2. Kuiandaa ianguke

Leo ni kuichagulia pikipiki mahali pa kugusa ardhi. Ikilala yenyewe inagusa kwa ncha ya usukani, futiresti, na chochote kilichochomoza katikati. Tunataka iguse kwa vitu vya bei ndogo, vinavyobadilishwa kwa spana moja.

Liva. Kishikizo cha liva kikibanwa kabisa kwenye usukani, pigo la ardhi halina pa kwenda isipokuwa kwenye liva yenyewe, na liva hizi ni za aluminiamu ya kumiminwa: zinapinda mara moja, ukizinyoosha zinakatika. Vishikizo vyote viwili vimetolewa, usukani ukazungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba mizunguko mitatu, vikarudishwa na kukazwa kiasi kwamba haviendi vikishikwa kawaida, lakini ukivigonga kwa kisigino cha kiganja vinazunguka. Pikipiki ikilala sasa, liva inageuka na kubaki nzima. Mwanafunzi anairudisha kwa mkono. Halafu kwenye kila liva, sentimita 2 kabla ya kile kitufe cha mwisho, kimekatwa kijifereji kwa msumeno wa chuma kina cha milimita 2. Pigo likizidi, liva itakatika hapo, na kinachobaki bado kinatosha vidole vitatu kumrudisha mtu nyumbani. Kijifereji kisikatwe karibu na egemeo, maana hapo kukatika ni kukosa breki.

Gadi, yaani mabomba ya kukinga pembeni. Pikipiki hii ilikuja na gadi za bomba jembamba zilizochomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Zimekatwa. Gadi ya kuchomelea hupeleka pigo kwenye fremu, na mahali palipochomelewa ndipo fremu huanza kupasuka. Mpya ni za bomba la milimita 25, zimefungwa kwa bolti za U, na katikati ya bolti na fremu kuna kipande cha tyubu kuukuu. Upana wake umepimwa ili ziguse ardhi kabla ya pedali ya gia na pedali ya breki. Pande zinazogusa ardhi zimevikwa vipande vya tairi kuukuu vilivyofungwa kwa waya wa kufungia nondo, ncha za waya zikageuzwa ndani zisichane suruali ya mtu.

Vioo vyote viwili vimetolewa kwa muda wa uwanjani na kuwekwa kwenye boksi, barabarani vinarudi. Kwa anayefanya hivi kwenye Yamaha, aangalie kioo cha kulia: nyingi zina nyuzi za kinyume upande huo, na anayelazimisha huharibu kishikizo kizima. Indiketa zimewekwa zenye shingo ya mpira.

Siku ya 3. Marekebisho yanayozuia anguko

Sehemu hii wengi huiruka kwa sababu haina cha kuonyesha. Pikipiki iliyorekebishwa vibaya humwangusha mwanafunzi, halafu lawama yote anabeba yeye.

La kwanza ni mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta. Bodaboda nyingi hushushiwa mzunguko huo ili kuokoa petroli, na kwa dereva mzoefu hakuna tatizo, anaifidia kwa mkono bila kuwaza. Kwa mwanafunzi, injini inazimika katikati ya kona, gurudumu la nyuma linapoteza msukumo uliokuwa unaishikilia pikipiki wima, na inalala upande wa ndani wa kona kabla hajajua kilichomfika. Imepandishwa hadi mizunguko 1,500 kwa dakika, injini ikiwa imeshapata moto. Skrubu ya kabureta inageuzwa robo kwa robo, unasubiri sekunde kadhaa, ndipo unageuza tena.

La pili, klachi. Mchezo kwenye ncha ya liva, yaani umbali inaosogea bure kabla ya kuanza kuvuta waya, umewekwa milimita 12. Ukiwa mdogo mno klachi inateleza na kuungua. Ukiwa mkubwa mno haiachii kabisa, na pikipiki inasogea hata liva ikiwa imebanwa. Waya wa klachi ulikuwa mkavu. Ulichomolewa upande wa juu, ukatengenezewa kikombe cha plastiki kwa kufunga kona ya mfuko kwenye ganda lake, ukamiminiwa oili nyepesi hadi ikachuruzika upande wa chini. Tofauti yake ni kubwa: waya mkavu hushika na kuachia kwa kuruka, na kila mruko kwenye mwendo mdogo ni msukumo ambao mtu hakuuomba.

Breki ya mbele imelegezwa mchezo kidogo, milimita 25, ishike taratibu. Pedali ya nyuma mchezo milimita 20. Mnyororo ulikuwa umening'inia milimita 45; umekazwa hadi 25, kwa sababu mnyororo mlegevu hupiga pikipiki kofi kila unapofunga na kufungua mafuta. Upepo: mbele psi 25, nyuma psi 28. Chemchemi ya stendi ya pembeni imebadilishwa. Stendi iliyolegea hushuka yenyewe, na kwenye kona ya kwanza ya kushoto ndiyo inayogusa ardhi badala ya tairi.

Siku ya 5. Kuinua kwanza, kuendesha baadaye

Somo la kwanza la mwanafunzi ni pikipiki iliyolala chini. Ililazwa kwa makusudi juu ya magunia, mara upande huu mara ule, injini ikiwa imezimwa na mafuta yakiwa robo tanki.

Hesabu iliyoandikwa ubaoni: kwa pikipiki ya kilo 120, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 55 juu ya ardhi, anayeishika kwenye usukani, karibu mita 1 kutoka ardhini, anabeba kiasi hiki. Ikiinama nyuzi 10, kilo 11. Nyuzi 20, kilo 23. Nyuzi 30, kilo 33. Nyuzi 45, kilo 47. Kwa hiyo mwanzo wa kuinama ni wa kushika, hata kwa mtu mdogo. Ikishapita nyuzi 30 na bado inakwenda, aiachie, arudi nyuma hatua moja. Anayeng'ang'ania hapo huumia kiuno au mguu wake unabaki chini ya pikipiki, na upande wa kulia chini kuna eksozi. Lile kovu la ndani ya muundi wa kulia linajulikana na kila mtu anayepanda bodaboda.

Mpangilio wa kuinua ni huu. Zima swichi. Funga koki ya mafuta. Angalia imelalia upande gani. Ikiwa imelala kulia, stendi ya pembeni iko juu: ishushe sasa hivi, kabla hujainua, na ingiza gia ya kwanza kwa mkono. Ukisahau stendi, utaisimamisha kwa jasho kisha itakupita na kulala upande wa pili. Ikiwa imelala kushoto, stendi iko chini yake na pedali ya gia pia. Hapo funga liva ya breki ya mbele kwa kipande cha tyubu ili gurudumu lisitembee.

Geuza usukani wote kuelekea upande ilikolala. Igeukie pikipiki mgongo, kalio liegemee ukingo wa kiti, mkono mmoja ukamate mpini wa chini, mwingine keria au bomba la fremu. Usikamate indiketa wala eksozi. Mgongo wima, miguu mbele kidogo, piga hatua fupi fupi za kurudi nyuma. Inayonyanyua ni mapaja. Ikikaribia kusimama punguza nguvu, maana pale juu haina uzito wowote.

Usiwashe papo hapo. Kabureta iliyolala humwaga petroli, nyingine huingia kwenye silinda. Swichi ikiwa imezimwa, sukuma kiki kwa mguu taratibu mara 3 au 4. Kiki ikigoma ghafla usiilazimishe: toa plagi, piga kiki petroli itoke, rudisha plagi. Ikiwa inasukumika sawa, subiri dakika 5, fungua mafuta yote kwenye mpini, piga bila choki. Betri ya maji nayo iangaliwe: asidi ikimwagikia fremu au mnyororo, imwagiwe maji mengi, na mikono iwe na glovu.

Kisha jaribio moja la lazima kabla ya kupanda: vuta mpini wa mafuta, uachie. Urudi wenyewe kwa kishindo. Pikipiki ikilala kulia, ardhi husukuma mpini kwa ndani hadi unakwaruza nyumba ya swichi, na mpini huo hautarudi ukiuachia. Usogeze nje milimita 2 au 3, jaribu tena usukani ukiwa katikati, kushoto kabisa na kulia kabisa.

Siku ya 8. Klachi, miguu chini

Uwanja ni wa udongo mgumu ulioshindiliwa, bila mchanga juu. Nyasi zinavutia kwa sababu ni laini, lakini zikiwa na umande gurudumu la mbele huteleza. Koni ni chupa za maji za lita moja na nusu zilizojazwa mchanga; ukizikanyaga hazikuangushi.

Zoezi ni moja tu kwa saa nzima: gia ya kwanza, miguu yote chini, achia klachi hadi injini ibadilike sauti na pikipiki itake kwenda, ibane tena. Mkono wa mafuta hautumiki kabisa. Mita 20 kwenda, mita 20 kurudi. Anayeachia liva yote kwa pamoja ndiye atakayeruka mbele Siku ya 10, kwa hiyo bora aonekane leo miguu ikiwa chini.

Viatu vilikaguliwa. Kandambili haziingii uwanjani. Kamba ndefu za viatu zimechomekwa ndani: kitanzi cha kamba kikinasa kwenye futiresti au pedali ya gia, mtu anasimama, anataka kushusha mguu, na mguu hauji.

Siku ya 10 na 11. Kusimama

Maangusho mawili, yote siku ya 10, yote upande wa kulia, sababu ile ile. Mwanafunzi anakuja polepole, anakata kulia kidogo kuelekea chupa ya kusimamia, usukani bado umekata, anabana breki ya mbele. Pikipiki inadondoka kulia kama imevutwa.

Sababu yake ni hii. Usukani ukiwa umenyooka, breki ya mbele hurudisha nyuma uzito wote ukiwa kwenye mstari mmoja na tairi. Usukani ukikata, tairi la mbele linagusa ardhi pembeni mwa mstari ambao uzito unauendea. Shokapu zinazama, usukani unajikunja zaidi kwa ndani, uzito unaendelea ulikokuwa ukienda, na hakuna mwendo wa kuusimamisha. Kwenye kilomita 30 kwa saa kuna muda wa kurekebisha. Kwenye kilomita 4 hakuna. Mguu wa kulia nao, uliokuwa ndio wa kuokoa, uko kwenye pedali ya breki ya nyuma.

Siku ya 11 zoezi limebadilishwa. Chupa mbili zimewekwa mita 3 kabla ya mstari wa kusimama, zikiachana mita 1. Kuanzia chupa hizo usukani lazima uwe umenyooka. Ukikata, breki ya mbele haiguswi, ni ya nyuma peke yake. Mfuatano unaosemwa kwa sauti: "Nyoosha. Klachi. Breki. Mguu." Neno la kwanza ndilo linalobeba mengine. Mguu ni wa kushoto, na unashuka pikipiki ikiwa imeshasimama. Mguu unaoshuka mapema unakokotwa chini, na mwili unaegemea upande wake.

Macho yalihitaji dawa ya peke yake. Anayetafuta mahali pa kuweka mguu hutazama chini, kichwa kinainama, mabega yanafuata, usukani unafuata mabega. Kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mti mbele, usawa wa kichwa, umbali wa mita 15. Anayesimama lazima aseme kitambaa kinapepea au kimetulia.

Jambo moja la barabara zetu liliongezwa hapa. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, na barabara huinama kuelekea pembeni ili maji yatiririke, ardhi iliyo chini ya mguu wa kushoto iko chini zaidi kuliko ya kulia. Pale ambapo lami imeliwa ukingoni, tofauti hufika sentimita 10 au zaidi. Dereva mfupi anayesimama juu kabisa ya ukingo anashusha mguu na haukuti kitu. Asimame ndani ya lami nusu mita, au atoke kabisa hadi kwenye udongo ulio sawa. Pale katikati ya viwili hivyo ndipo wanapoanguka. Tumejenga ngazi ya mfano kwa mbao mbili na udongo, kimo cha sentimita 8, ili wahisi mguu unavyotafuta.

Siku ya 15 na 16. Mwendo wa kinyonga na kugeuza

Mstari wa mita 20, upana sentimita 40, unapimwa kwa saa ya simu. Sekunde 10 ni kilomita 7.2 kwa saa. Sekunde 15 ni kilomita 4.8. Sekunde 20 ni kilomita 3.6, polepole kuliko mtu anayetembea bila haraka. Shabaha ni 15. 20 ni ya anayetaka. Siri iko kwenye mikono na mguu wa kulia kufanya kazi pamoja: mafuta yamevutwa kidogo na hayaguswi tena, klachi imeshikwa pale inapoanza kuuma, pedali ya nyuma imekanyagwa kidogo. Injini inavuta mbele, breki inavuta nyuma, na pikipiki katikati yake inatulia kama kamba iliyovutwa pande mbili.

Baada ya nusu saa harufu ya klachi ilisikika. Injini ikapumzishwa dakika 15 na mchezo wa liva ukapimwa upya. Ulikuwa umebaki milimita 7, umerudishwa 12. Hili lirudiwe kila baada ya kipindi.

Kugeuza nyuma kumefanyika ndani ya mstatili wa mita 6 kwa 12, upana wa barabara ya kawaida ya njia mbili. Anguko moja, upande wa ndani. Katikati ya kona mwanafunzi aliogopa, akafunga mafuta na kubana klachi kwa pamoja. Kwenye kona ya polepole msukumo wa nyuma ndio unaoizuia pikipiki isiendelee kuinama. Ukiukata, inamalizia safari yake chini. Ikianza kudondoka ndani, achia klachi kidogo. Mkono utakataa, kwa sababu woga unasema bana. Ndiyo maana zoezi hili linarudiwa mara nyingi kuliko mengine yote, hadi mkono uzoee. Mwili unakaa nje ya kona, pikipiki inainama ndani, kidevu kinageuka juu ya bega kutazama unakotaka kutokea.

Kwenye anguko hilo liva ya klachi ilizunguka kwenye tepu kama ilivyokusudiwa. Gadi iligusa kwanza. Pedali ya gia ilipimwa: milimita 18, haikusogea.

Siku ya 17. Mvua. Hakuna zoezi. Waya wa klachi umetiwa oili.

Siku ya 22. Kuegesha

Pikipiki nyingi huanguka hazina mtu juu. Stendi ya pembeni juu ya lami iliyopata jua la saa nane, au juu ya mchanga, huzama kidogo kidogo hadi pikipiki igeukie upande wa kushoto. Kibati bapa cha sentimita 8 kwa 8, kimetobolewa na kufungwa kamba, kinakaa chini ya kiti. Unakitega chini ya stendi, ukiondoka unavuta kamba. Ukiegesha kwenye mteremko pua iangalie juu na gia ya kwanza iwe ndani. Ikiangalia chini inajisukuma mbele, stendi inajikunja, basi.

Kuisukuma kwa mkono nako kunaangusha. Simama upande wa kushoto, nyonga iguse kiti, vidole viwili kwenye breki ya mbele, pikipiki iinamie kwako kidogo. Ikiinamia upande wa pili huna cha kuishikia.

Siku ya 29. Mzigo

Madumu mawili ya lita 20 yamefungwa pande mbili za keria. Yakijaa ni kilo 40 nyuma ya ekseli, na usukani unakuwa mwepesi mno. Jaribio lililofundisha zaidi lilikuwa madumu yaliyojazwa nusu: uzito ni nusu, lakini ukikata kona maji yanahamia upande mmoja, na ukinyoosha yanarudi kwa kuchelewa, pikipiki ikiwa imeshaanza kusimama. Pikipiki ililala mara moja kwenye mstari wa kusimama, kushoto, kwa msukumo huo wa maji uliochelewa. Dumu ama lijae ama liwe tupu. Upepo wa nyuma uliongezwa hadi psi 32.

Abiria alifuata. Kanuni ni kwamba hapandi wala hashuki mpaka dereva aseme, na dereva hasemi mpaka miguu yake miwili iwe chini, imepanuliwa, breki ya mbele imebanwa na usukani umenyooka. Abiria anayepanda kwa kukanyaga futiresti kama ngazi anaweka uzito wake wote pembeni, na dereva anayesubiri kwa mguu mmoja hawezi kuushika.

Siku ya 40. Hali ya pikipiki

Vilivyotumika kwa wiki sita: liva moja ya breki, iliyokatika kwenye kijifereji kwenye moja ya maangusho ya siku ya 10 na kuendelea kutumika siku hiyo hadi jioni, mpini mmoja wa kulia, vipande vinne vya tairi kwenye gadi, roli moja ya tepu ya mafundi bomba. Indiketa zote ni zile zile. Nafasi ya pedali ya gia bado ni milimita 18. Bolti za U za gadi ya kulia zilikuwa zimelegea nusu mzunguko, zimekazwa, na zimepigwa mstari wa rangi ili kulegea kuonekane kwa macho. Ekseli na usukani vimepimwa tena kwa uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele: vimenyooka.

Kilichobaki ni kurudisha vioo, kukaza vishikizo vya liva robo mzunguko zaidi kwa ajili ya barabarani, na kutia oili mpya, kwa sababu mazoezi ya klachi huchafua oili kabla ya kilomita zake. Oili iliyotoka leo ilikuwa nyeusi, ina harufu ya kuungua, na chujio la wavu lilikuwa na unga wa klachi ukubwa wa kucha.

Mwanafunzi anayefuata anaanza Jumatatu, na ataikuta pikipiki imelazwa kwenye magunia, upande wa kulia, stendi ikiwa juu.